Matairi Mapya na Kona za Suji

Same, Jumanne

Sasa nitamwambia nini dada yangu?

Matairi yameingia, ndiyo. Makubwa, ya lori, yenye meno ya kushika tope. Nimeyafunga mwenyewe, na Same nzima hakuna mwingine wa kuyaweza kwenye Landrova ndogo. Hata Wazungu wamegeuka kutazama. Lakini nikikata usukani, tairi linakwama kwenye bodi. Fundi Saidi kacheka mpaka kakaa chini: "Bwana mkubwa, gari hili sasa linakwenda mbele tu, kama treni!"

Na njia ya Suji ni kona tupu.

Matairi ya zamani yameshakatwa viatu vya katambuga. Nilisema sitayahitaji tena.

Dada yuko huko juu Suji, mlimani, tumbo linamkata, hali chakula. Juzi vijana walipiga baragumu la msaragambo, lile la kuitana kazi ya pamoja, wakusanyike wamteremshe hospitali kwa machela. Mimi nikawarudisha mashambani. Niliwaambia gari langu lilimpita simba akikimbia kwenye mbuga ya Kisiwani, litashindwaje na kilima?

Jioni mpwa wangu Elia kaja kwa miguu. "Shikamoo mjomba. Mama ameshavaa, anasikiliza honi."

Nikasema marahaba, mwambie kesho asubuhi. Mdomo huu!

Naogopa. Naogopa kweli, Mungu wangu, akifa akiwa anasikiliza honi...

Hapana. Napanda kwa miguu sasa hivi, niwapigie magoti vijana wale wale. Wanicheke watakavyo, ila wacheke wakitembea, machela ikiwa mabegani.