Bibi Haniiti Tena Mume Wangu

Mpendwa Mama Ane Sofie,

Nisaidie kabla ile meli nyekundu haijarudi, maana ikirudi natakiwa kuwa na jibu na mimi sina. Ninasoma darasa la kumi, la mwisho shuleni kwetu, naishi na mama na bibi katika kijiji cha pwani ya mashariki, na majina yote humu nimeyabadilisha, kwa hiyo ukisoma redioni niite Nivi tu.

Nilizaliwa mwaka uleule babu alipopotea kwenye barafu. Aliondoka asubuhi kuwinda na mbwa wake akasema tu kwamba atarudi, watu wakamtafuta kusini mpaka wakachoka, kisha mbwa mmoja akarudi peke yake kutoka kaskazini. Nilipozaliwa nikapewa jina lake, kama ilivyo kwetu, maana jina humrudisha aliyeondoka, kwa hiyo mimi ni Nivi na pia ni Inooraq, na tangu nikiwa mchanga bibi ameniita mume wangu, ingawa mimi ni msichana. "Mume wangu, chai iko tayari." "Mume gani huyu, hata vyombo haoshi!" Nikikataa vitunguu huwaambia wageni kwa fahari kwamba mume wake hajawahi kuvipenda. Mama naye huniita baba, nami hulitumia jina hilo bila aibu, nasema, "Binti yangu, baba yako anaenda kwa Aviaja, atachelewa," mama hucheka na mimi nimeshatoka.

Sasa kosa langu. Kila kiangazi barafu inapolegea, meli nyekundu ya kuvunja barafu hutuletea watalii, nasi wa kwaya huwaimbia wanaposhuka kunywa kahawa kanisani. Safari hii Ragnhild, mama wa Kinorwe anayewaongoza wageni, alisikia Kiingereza changu akaniomba niende nao hadi ghuba ya pili nikawaeleze maisha yetu, nirudishwe kabla ya chakula cha jioni. Akaniuliza, "Nyumbani wanajua?" Nikasema wanajua. Hawakujua. Niliogopa kwamba bibi atakataa kwa sababu ya babu, nikamwambia rafiki yangu Aviaja, "Wakiniulizia, sema niko shuleni nafanya usafi," Aviaja akasema, "We Nivi, usafi wakati wa likizo? Nani ataamini?" nikamwambia aseme hivyohivyo.

Mama Ane Sofie, sitakuficha, ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo. Meli ilipanda juu ya barafu kwa pua yake kama sili mnene anayejikokota ufukweni, ikatulia kidogo, halafu uzito wake ukaivunja, na mlio ukapita miguuni mwangu hadi kwenye meno. Nahodha aliniruhusu nisimame karibu na usukani akanionyesha jinsi ya kuijua barafu kuukuu, iliyo ngumu, kwa rangi yake tu, na mambo mengine nilikuwa nayajua tayari kwa mjomba, nikamwambia, akanisikiliza kabisa. Mzee mmoja aliuliza kama tunalala katika nyumba za theluji, nikamjibu kwamba nyumba yetu ni ya bluu na mashine ya kufulia imeharibika, wote wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote.

Kisha ukungu ukashuka, upepo ukasukuma barafu hadi mlangoni mwa ghuba, na nahodha akasema meli ingeweza kupita lakini zile boti za mpira za kunipeleka ufukweni zisingeweza, tungoje kesho. Nikasema sawa, huku nikijua kwamba si sawa.

Kumbe nyumbani bibi alikuwa ameshakwenda shuleni akakuta mlango umefungwa. Aviaja alitunza siri yangu mpaka akaanza kulia, lakini wakati huo wanaume walikuwa wameshaingia ukunguni na boti zao kunitafuta upande wa kusini, ninakochumaga matunda meusi ya mlimani, na meli ilikuwa kaskazini. Nilikuwa nimesimama na nahodha redio ilipokwaruza, nikasikia sauti ya bibi mbele ya pwani nzima, "Inooraq, mume wangu, uko upande gani?" Nahodha hajui lugha yetu, lakini alinitazama usoni akanipa kipaza sauti. Nikasema, "Niko kaskazini, ndani ya meli nyekundu, mimi ni mzima." Kisha bibi akasema, "Nimesikia, Nivi."

Boti zote zilirudi salama, namshukuru Mungu, ingawa moja ilibanwa na barafu kabla ya kuchomoka. Kesho yake niliposhuka mama alilia akanipiga kofi la begani akalia tena, na mjomba Gerth akasema, "Ukitoroka tena, mwizi wewe, uniletee keki ya melini." Bibi alinishika mashavu yote mawili, akanitazama, akaenda kuchemsha supu ya nyama ya sili. Nilidhani yamekwisha. Lakini tangu siku ile ananiita Nivi. "Nivi, chai." "Nivi, funga mlango." Hana hasira katika sauti yake, na hilo ndilo linaloniumiza. Juzi alinitilia vitunguu kwenye sahani kama mtu yeyote, nikavila vyote, naye akaondoa sahani.

Ragnhild amenitumia ujumbe kwamba kiangazi kijacho, nikimaliza shule, naweza kusafiri na meli msimu mzima, niwaongoze wageni na nijifunze kwa nahodha, na anataka jibu watakapopita mara ya mwisho kabla ghuba haijaganda. Natamani sana siku moja niongoze meli mwenyewe katika barafu. Lakini bibi amevitoa ukutani viatu vya ngozi ya sili vya babu, jozi yake ya pili, vilivyotundikwa kando ya picha yake, na nimemkuta akizitoa soli kuukuu na kukata mpya kwa kisu. Nikauliza, "Bibi, si vya babu hivyo? Unavifanyaje?" Akasema, "Una macho, Nivi." Wanawake wa hapa huwauzia watalii viatu vya zamani meli ikija. Nadhani anaviuza kwa kuwa hana tena mume wa kuvivaa. Je, nikimwambia Ragnhild hapana, bibi ataniita tena mume wangu? Na jina likishamtoka mtu, hurudi?

Nivi

*

Nivi mwanangu,

Nimefika mahali pa zile boti nikapumua, maana zingekosa kurudi ningekuwa leo nazungumza na wajane. Sasa kaa chini nikukaripie. Ulimdanganya mgeni, ukamfundisha rafiki yako kudanganya, ukawaacha wanaume wenye watoto waitane ukunguni upande ambao hukuwepo. Oka keki, usinunue, uingie nayo katika kila nyumba iliyotoa boti, useme samahani kwa mdomo wako mwenyewe. Mjomba Gerth mkatie kipande kikubwa, amekusamehe mapema kuliko ulivyostahili.

Haya, bibi yako. Wewe unadhani anaichukia barafu na anaichukia meli. Umeyatoa wapi hayo? Katika barua yako yote sikumwona akikukataza kitu, kwa sababu hukumpa nafasi ya kukikataza. Na pale redioni hakuuliza kwa nini umekwenda, wala hakusema rudi. Aliuliza uko upande gani. Mwindaji wa kwetu haondoki bila kumwambia mkewe upande anaoelekea, hilo unalijua tangu ukiwa mtoto. Babu yako aliondoka bila kusema, wakamtafuta kusini, naye alikuwa kaskazini. Umeliandika mwenyewe, tena ukapita haraka. Nawe ukaondoka bila kusema, wakakutafuta kusini, nawe ulikuwa kaskazini. Bibi yako ameachwa hivyo mara mbili, na mtu yuleyule!

Kwa hiyo jina halijakutoka hata kidogo. Ungekuwa umebaki mjukuu tu, angekuchapa maneno siku ileile na kesho mmesahau. Huyo ni mke aliyenuna. Mimi mume wangu akiniudhi humwita Bwana Petersen wiki nzima, na tumezaa naye watoto.

Halafu viatu. Kiingereza umefundishwa vizuri, kushona naona bado. Kiatu cha kumuuzia mtalii hakibadilishwi soli, maana yeye anakwenda kukitundika ukutani, hata kikiwa na tundu atakipenda. Soli mpya huwekewa mtu anayekwenda kutembea. Mwanamke wa umri wake hayachoshi macho na vidole vyake kwa ngozi ngumu namna ile ili kumfukuza mtu. Kesho akiinuka kwenda jikoni, weka mguu wako kando ya soli hiyo mpya. Nitashangaa sana ikiwa ni ya mtu mwingine.

Basi usimkatalie Ragnhild, wala usimkubalie. Kwanza mwambie kwamba ulimdanganya, ajue anamchukua nani. Kisha keti na bibi anaposhona, simu iache chumbani, utandaze ramani mezani. Mwonyeshe kwa kidole: meli inapita hapa, inageuka hapa, nikifika hapa nitakuita redioni. Hotuba ya kuomba msamaha usimpe, mpe njia utakayopita, kwa sababu hiyo ndiyo aliyonyimwa. Halafu umwombe ruhusa, na akikataa mwaka huu, ukubali mwaka huu. Meli ikija, mwombe Ragnhild amkaribishe bibi kahawa juu kwa nahodha, akione kile kipaza sauti ulichomjibia.

Na siku utakayoondoka, hata kama kijiji kizima kinajua, simama mlangoni umwambie, "Naenda kaskazini." Hata ukienda dukani, mwambie.

Jambo la mwisho ni la leo jioni. Akikutilia vitunguu, usivile. Vitoe kimoja kimoja uvipange pembeni ya sahani, palepale atakapoviona, kisha uendelee kula. Usipomsikia akisema neno kuhusu mume wake, niandikie tena. Lakini sidhani kama nitaiona barua hiyo.

Mama Ane Sofie