Tangazo la Zahanati kwa Herufi Mbili

Marahaba, mjukuu wangu Idrisa.

Hapa Mbegani hatujambo. Dada yako Zuhura amejifungua mtoto wa kike, alhamdulillahi.

Umeniuliza kama lugha ya kompyuta mnayoitunga wewe na wenzako iache kuzihudumia mashine za zamani, kwa kuwa kazi inakuwa mara mbili. Mashine sizijui, lakini kazi mara mbili niliifanya.

Usichanani mwangu niliandika matangazo ya zahanati ubaoni, Kiswahili kile kile kwa herufi za shule na kwa herufi za Kiarabu, maana wazee wetu walisoma madrasa tu. Siku moja mwenyekiti wa kijiji akaniambia, "Siku hizi watu wamesoma shule. Acha hizo za Kiarabu."

Nikamjibu, "Nitaziacha, mzee wangu, ila nipe nafasi niwafundishe kwanza wanaozitegemea."

Nikawafundisha kila jioni barazani kwetu. Wa mwisho kuelewa alikuwa Bi Mwanaheri, mkaidi kwelikweli. Asubuhi moja akasimama mbele ya ubao, akasoma tangazo la chanjo kwa herufi za shule, polepole, mpaka mwisho. Wanawake wakapiga vigelegele. Kisha akashika ncha ya kanga yake, akazifuta zile za Kiarabu kwa mkono wake.

"Sasa pumzika, mwanangu," akaniambia.

Mpaka leo nikikumbuka natembea kifua mbele. Nanyi watafuteni wenye mashine hizo kabla ya kukata shauri. Umewafikiria watu usiowajua, Idrisa, na hilo nimemsimulia kila jirani.

Bibi yako,
Mwanaidi