Ujumbe Namba Kumi na Mbili

Mama mpendwa,

Nisamehe, leo naanza na swali kabla ya salamu: Baba anaendeleaje, kwa kweli?

Sasa nakusalimu. Natumaini mafua yamekuisha na kuku bado wanataga. Huku Oman mimi ni mzima, ila jua linanionea.

Jumapili ulipopiga simu uliniuliza kama nakula, ukanipa habari za mahindi, za ng'ombe, za kanisa. Kisha ukasema, "Sasa, kuhusu baba yako," simu ikakatika. Nilipopiga tena ukasema ni salamu tu. Tangu hapo sina raha.

Wacha nikueleze jambo la kazini. Hapa kiwandani, mashine za kugandisha samaki zinaongozwa na boksi moja la umeme tunaloliita kontrola. Nilidhani linajua kuwasha na kuzima tu. Kumbe linatunza maneno! Unaandika ujumbe, unaupa namba, na shida ikitokea boksi linachagua namba yake na kuuchapa kwenye karatasi nyembamba kama risiti ya duka. Nililizunguka siku nzima nikitaka kujua linachaguaje.

Wengi hapa ni Waswahili, kwa hivyo fundi mkuu akaniambia niandike ujumbe wote kwa Kiswahili. Namba kumi na mbili ni ya chumba cha baridi kikipata joto. Unajua kwetu Karungu mtu haingii na shida mdomoni. Anaketi, anaulizwa watu wa kwake, ndipo aseme. Mimi nami nikaandika hivyo, kwa adabu zangu zote. Sikujua kwamba kila ujumbe una nafasi ya herufi arobaini tu.

Alhamisi mchana mtu akaacha mlango wazi. Karatasi ikatoka: "Hamjambo wenzangu, poleni na kazi. Chumb"

Basi. Salumu, msimamizi wetu kutoka Tanga, akaisoma, akasema, "Hatujambo, ahsante," akaitia mfukoni akitabasamu. Kreti mbili za samaki zikalainika. Nilikemewa nikakubali, maana kosa lilikuwa langu. Sasa ujumbe unasema: "Chumba 2 joto! Fungeni mlango."

Nilipokuwa naurekebisha nilikukumbuka wewe na simu ya Jumapili. Mama, naogopa.

Nisalimie Dada, mwalimu wetu wa Kehancha, na Mjomba wa machimbo ya Macalder. Mwambie kofia yake ndiyo inaniokoa na hili jua. Baba umshike mkono kwa niaba yangu.

Nimeshamuuliza Salumu kuhusu ruhusa ya kuja nyumbani. Anasema atanipa nikiwa na sababu. Kwa hivyo ukijibu, usiniulize kama nakula. Nakula. Habari za kuku zitangoja. Andika neno moja tu juu kabisa ya karatasi: njoo, au kaa.

Ni mimi binti yako, ninayengoja neno hilo,
Achieng