Nilivyohutubia Katika Nyumba ya Mdogo Wangu

Ijumaa, baada ya Magharibi. Darsait.

Joto limelegea wiki hii, na leo, kwa mara ya kwanza tangu kiangazi, nimeliacha dirisha wazi bila ya kiyoyozi kuniungurumia masikioni. Hewa imetulia. Mimi sijatulia.

Naona wivu. Tangu alasiri nimelizungusha neno hili nikilitafutia jina la heshima zaidi, na sikulipata. Basi naliandika kama lilivyo: namwonea wivu Zuwena, mdogo wangu wa tumbo moja, kwa sababu yeye ana nyumba yake huko Mabela, nje kidogo ya mji, na mimi sina.

Mama anaishi nasi, mimi na mume wangu Khalfan, katika fleti hii ya ghorofa ya pili isiyokuwa na lifti. Magoti yake yamechoka, na siku hizi hashuki ngazi ila kwa daktari au kwa msiba. Tangu Zuwena alipohamia kwake amekuwa akimwomba Mama akakae naye, na tangu alipoanza kuomba nimekuwa nikijibu mimi kwa niaba ya Mama: subirini, sisi nasi tu karibu kununua, atakaa kwangu.

Si kweli kwamba tu karibu.

Tumezunguka mno. Nimekataa nyumba ya Wadi Kabir kwa kelele za gereji. Nimekataa nyingine kwa kuwa uwanja wake uliinama kuelekea wadi, bonde lile kavu ambalo siku ya mvua hugeuka mto ukabeba magari. Nimekataa nyumba nzuri kabisa kwa sababu majlisi, chumba chake cha kupokelea wageni wa kiume, ilitazamana na mlango wa jikoni, na kila mgeni angewaona wanawake wa nyumba akiwa bado anavua viatu. Kila sababu ilikuwa ya haki. Lakini najua pia kwamba katika kila nyumba nilikuwa naipima ya Zuwena kimoyomoyo: je, lango hili linalishinda lake? Je, dari hii iko juu kuliko yake? Mara ya mwisho Khalfan hakubisha. Aliwasha gari tu, akasema, "Bibi, nyumba unayoitaka wewe, Mola bado hajamuumba fundi wake."

La ajabu ni kwamba kutafuta bila ya kupata kumenipa sifa ya ujuzi. Wanawake wa ukoo wetu, sisi ambao wazee wetu walivuka bahari kuja huku kutoka Unguja, hukutana Ijumaa moja kila mwezi, na kila mara mmoja wetu huzungumza juu ya jambo lenye manufaa. Mwezi huu walinitaka mimi, na mada waliyonipa ilikuwa mambo ya kuzingatia mtu anapotafuta nyumba ya kununua. Mwenye zamu ya kukaribisha alikuwa Zuwena.

Kwa hiyo leo nimesimama katika majlisi ya mdogo wangu, juu ya zulia lake jipya, kuwafundisha watu namna ya kukipata kitu ambacho yeye ameshakipata. Mama tulimshusha ngazi polepole, mkono mmoja kwangu, mmoja kwa Khalfan, akakalishwa mbele kabisa.

Nilizungumza vizuri. Niliwaambia waitazame nyumba asubuhi, kisha warudi alasiri, maana ni nyumba mbili tofauti. Wawaulize majirani, si dalali, maji ya mvua hupita wapi. Wafungue mabomba yote kwa pamoja waone kama maji yana nguvu. Wapande juu walikague tangi. Walinganishe hati ya milki na ukuta uliopo, kwa kuwa kuta nyingine zimejengwa kwa tamaa. Watu walikuwa wakitikisa vichwa, na mimi, nikiona vichwa vinatikisika, huwa sijui kunyamaza.

Ndipo nikatia sumu.

"Jihadharini," nikasema, "na chumba cha wageni chenye madirisha ya upande wa magharibi. Mtu huupenda uzuri wake asubuhi, kisha hutokwa jasho kila alasiri ya maisha yake."

Jua lilikuwa likitupiga usoni kupitia madirisha ya Zuwena. Hapakuwa na aliyehitaji maelezo. Wanawake wakayatazama mapazia, kisha wakaviinamia vikombe vyao. Zuwena, aliyekuwa akizungusha kahawa, aliliweka dele chini, akaenda kuvuta pazia, akarudi kumimina bila ya kunitazama.

Nilifurahi. Ilikuwa furaha fupi, na chafu, lakini nilifurahi.

Bi Rahma, binti wa ami yake Mama, ambaye tangu nimjue hajaacha jambo likapita hivi hivi, akanyanyua kikombe. "Mashallah, bibi mtaalamu! Umetufunza, tumefunzika. Haya tuambie, na wewe funguo zako ziko wapi?"

"Ziko kwa fundi," akadakia mwingine kutoka nyuma, "zinachongwa!"

Chumba kizima kikacheka. Nami nikacheka, kama anavyocheka mtu aliyekanyagwa kidole mbele ya wageni.

Kicheko kilipotulia, Mama akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Na mie nna suali. Mtu wa magoti kama yangu, mwanangu, atafute nyumba ya namna gani?"

Hakuniuliza kwa hila. Mama akiwa na hila hushusha sauti, na leo aliuliza kwa sauti kubwa. Alitaka kujua.

Ningeweza kumjibu juu juu. Lakini katika masuali yote hili ndilo ninalolijua zaidi, kwa kuwa nimejiuliza katika kila chumba kitupu nilimowahi kusimama, nikimfikiria yeye. Nikajibu. Chumba chake kiwe chini, nikasema. Choo kiwe humo humo ndani, na sakafu isiwe na kizingiti. Mlango wa choo ufungukie nje, ili mtu akianguka asiuzibe. Chumba kiwe karibu na jikoni, asikie watu, anuse kitunguu kikikaangwa, asije akawa mgeni wa kupelekewa sahani. Na dirisha lipate jua la asubuhi, la kupasha mifupa moto.

Sauti yangu ilianza kushuka kabla sijamaliza. Mlango wa ndani wa majlisi ulikuwa wazi, na sote tulikuwa tukikiona: chumba kando ya jiko, kitanda cha chini, sakafu moja mpaka chooni, mlango wa choo umefungukia nje. Harufu ya kitunguu ilitufikia pale pale tulipokaa.

Mama akageuka, akakitazama kwa muda. "Basi mbona kipo," akasema. Kisha akanigeukia kwa upole ulionichoma kuliko kicheko cha Bi Rahma. "Nikae siku mbili tatu nikijaribu. Utaniruhusu?"

Mama yangu mzazi ananiomba ruhusa, mimi, mbele ya watu.

"Kaa, Mama," nikasema.

Zuwena alinisindikiza hadi langoni. Nilitarajia kuuona ushindi usoni mwake, na nilikuwa tayari kuuchukia. Hakuwa nao.

"Dada, lile jua kweli linatuunguza. Nilitaka kukuuliza kabla ya kununua."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ungenambia nisubiri."

Nikaingia garini. Zuwena alinunua nyumba yenye kasoro, akijua ina kasoro, kwa ajili ya chumba kimoja. Mimi nimekuwa nikitafuta nyumba isiyokuwa na kasoro, na Mama akingoja ghorofani.

Njiani kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, na hakuna aliyetuambia tupunguze kiyoyozi. Khalfan akanikumbusha, kwa sauti ya mtu anayekanyaga vigae vya kioo, kwamba Jumapili tumeahidiwa kuonyeshwa nyumba nyingine.

"Ina chumba chini?" nikauliza.

"Ina. Lakini majlisi yake ndogo, na barabara yake bado ya vumbi."

"Tutaizoea."

Alinitazama mpaka gari la nyuma yetu likapiga honi.

Wivu haujaondoka. Umehama tu. Hauko tena kwenye lango wala kwenye dari, uko kwenye asubuhi ya kesho, Zuwena atakaposikia kandambili za Mama zikiburuzika sakafuni, na ile sauti inayouliza kila siku, "Nani yuko jikoni?" Mimi nimeijibu kwa miaka bila ya kujua kwamba inaweza kuulizwa kwenye jiko jingine.

Kesho nitampelekea nguo, dawa na mto wake. Vyote nimeshavifunga. Kimebaki kikombe chake cha chai, kile chenye ufa mwembamba asichotaka kukibadilisha. Nikikipeleka, nitakuwa nimekubali kwamba siku mbili tatu hazitakwisha. Nikikiacha, atakiulizia, na Zuwena atajua kwa nini sikukileta.

Nikipeleke?