Kishale Kimeniumbua Kikaoni

Shoga, nusura nipoteze kazi! Meneja ndiye anayesaini mkataba wangu leo, nami nimemsema ukutani!

Si unajua nilivyoipanga kompyuta yangu: sibofyi, dirisha lililo chini ya kishale cha kipanya ndilo linalopokea maandishi, hata likiwa limefunikwa nusu na lingine.

Basi naandika kumbukumbu za kikao, zinaonekana ukutani kwa projekta, huku nachati nawe kichinichini. Kiwiko kikasukuma kipanya, kishale kikarukia kwenye kumbukumbu, na umbea wangu ukaandikika humo. Wote wakasoma: "Huyu baba akishika neno, haliachii mpaka life."

UKUTANI, shoga!

Meneja akauliza, "Nani kasema hayo?"

Nikajikaza: "Ni hoja ya wajumbe, mkuu."

Mhasibu, yule bibi mkimya, akanyoosha mkono. "Naiunga mkono."

Meneja akacheka mpaka akavua miwani. "Andika kikao kimefungwa. Na ulete mkataba nisaini, kabla wajumbe hawajapata hoja nyingine."