Kilichoko Shavuni

Jumatano

Muguka! Mimi, kiongozi wa kwaya, nyanya wa wajukuu sita, eti natafuna muguka!

Ndilo lililomleta Mama Wakesho na wenzake wa kanisani leo. Nilikuwa ndio nafika kutoka hospitali, hata viatu sijavua. Wakaniombea, tena kwa sauti, majirani wote wasikie. Mungu aniondolee hayo majani ninayoficha shavuni. Wanasema wameliona shavu langu likivimba tangu Pasaka.

Hasira ilinipanda mpaka nikasahau kuogopa. Nikawasha tochi ya simu, nikampa Mama Wakesho, nikaachama kama kiboko. "Chungulia basi, uniambie ni majani gani hayo."

Akachungulia. "Uwi! Hii ni nini, dada?"

Nikamweleza vile daktari aliniambia asubuhi. Ni uvimbe wa taya. Si saratani, lakini unakula mfupa, na ukiachwa utaendelea kula. Nitaenda Mombasa wakate kipande cha taya, waweke chuma. Kama nitaimba tena, daktari hajui. Nilimuuliza mara mbili.

Basi Mama Wakesho akaangua kilio, ikabidi mimi mgonjwa nimbembeleze. Na chai nikampikia!

Wameenda sasa. Nimeshika shavu, nikajaribu ile sauti ya juu ya wimbo wa Jumapili. Imetoka.

Laiti ungekuwa muguka kweli. Ningeutema pale pale miguuni pa Mama Wakesho, niende zangu mazoezini.