Taa Nyekundu za Fundi Friji

Jumatatu, 3 Machi

Tumeenda tena ufukweni kutazama jua likizama. Magari yamejipanga kuelekea baharini, watu wamo ndani, vioo wazi, karanga mkononi. Desturi yetu pale ni kwamba jua likishatoweka kila gari linapiga honi moja, kisha tunacheka kama wajinga. Mume wangu siku zote huwa wa kwanza. Leo amekuwa wa mwisho! Nikamtania, umezeeka baba. Eti alikuwa anawaza. Mtu huyu? Anawaza?

Kurudi tumetambaa nyuma ya gari la fundi friji, jirani yetu, mpaka mlangoni.

Jumanne, 4 Machi

Basi la shule lina mkwaruzo ubavuni. Nimeuona nikitoa masufuria nje ya jiko la shule. Mrefu, mpya. Mume wangu, dereva wake, anasema kuna mtu kamgusa akiwa kaegesha. Mlinzi wa geti anasema hapana mama, ni nguzo hii hapa, kaiparua alfajiri akitoka kwenda kuchukua watoto. Mlinzi alikuwa anacheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 6 Machi

Sasa nimeelewa, na natamani nisingeelewa.

Jioni fundi friji alichelewa kuondoka ufukweni, mkewe alikuwa hamalizi kuongea na simu. Magari mengine yakaondoka yote. Twende basi, nikasema. Ngoja kidogo. Ningoje nini? Fundi alipowasha taa, na sisi tukawasha. Akishika breki, tunashika breki. Akikata kulia, tunakata kulia. Nimeng'ang'ania mlango mpaka vidole vimekufa ganzi. Haoni! Giza likiingia haoni barabara, anaona zile taa mbili nyekundu tu.

Nimemuuliza tulipofika nyumbani. Macho yamechoka tu, usinitie nuksi. Halafu, kwa sauti ya chini: ukiwaambia shuleni watanipokonya basi, nami nitakuwa nani?

Na alfajiri basi linatoka kukiwa bado giza. Mjukuu wetu ndiye wa kwanza kupanda. Hukaa kiti cha nyuma ya babu yake, hataki kingine hata umpe pipi. Mungu wangu.

Ijumaa, 7 Machi

Sikupata usingizi. Nimesimama dirishani jikoni mpaka basi limeingia, mpaka nimemwona mjukuu akishuka na mkoba wake. Ndipo nikapumua.

Ofisi ya mwalimu mkuu iko mkabala na jiko. Nimekwenda. Nimebisha hodi. Akaniuliza, vipi mama? Nikasema chumvi imeisha.

Chumvi!

Jumapili, 9 Machi

Naandika ndani ya gari, kwa mwanga wa simu, angalau mikono ipate kazi. Tuko ufukweni. Nilikataa kuja, lakini mjukuu alililia jua na babu yake hajui kumkatalia. Nikasema basi, fundi friji atakuwepo.

Fundi hakuja.

Mawingu yamelimeza jua kabla halijafika majini, hakuna aliyepiga honi. Magari yameondoka moja moja. Kila moja likiwasha taa, mume wangu anainua kichwa, analifuata kwa macho, linakata upande usio wetu, anainamisha kichwa. Tumebaki peke yetu. Mjukuu anasema ana njaa. Babu anasema tungoje, jua bado. Limeshazama babu, ni giza! Akacheka kicheko kikavu, sijawahi kukisikia.

Namba ya mkwe wangu iko hapa kwenye simu. Nikimpigia atakuja mara moja. Atauliza kwa nini. Mwanangu atajua, na kesho shule nzima itajua. Nisipompigia —

Mume wangu kaona ninachokitazama. Usimpigie, mke wangu, nakuomba. Wewe niambie tu, kushoto au kulia. Nyumbani si mbali.

Ananiomba. Miaka yote hii hajawahi kuniomba kitu. Ufunguo unatafuta tundu, unakosa, unatafuta tena. Naogopa, naogopa sana.

Mjukuu kajipenyeza katikati ya viti vyetu, kashika bega la babu yake, kazoea. Bibi usiogope, anasema. Wewe kaa tu. Asubuhi kwenye basi mimi ndiye humwambia.

Injini imewaka. Kidole kiko juu ya namba —